Viapo Viwili kwa Mtoto Mmoja

Nimefundisha watoto madrasa kwa miaka mingi hapa Kwamsisi, na katika yote niliyofundisha hakuna nililolikazia kama kiapo. Nilikuwa nawaambia kwamba mtu akisema uongo wa mdomo anaweza kutubu kabla jua halijazama, lakini anayeinua mkono na kumshuhudisha Mwenyezi Mungu juu ya jambo lisilo kweli ameweka rehani kitu kisicho chake. Watoto walinisikiliza wamekunja miguu kwenye mkeka, wengine wakisinzia. Binti yangu alikuwa miongoni mwao, na hakusinzia.

Niliposema binti yangu nimeshaingia kwenye habari yenyewe.

Aliyemzaa ni mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, na alifariki mtoto huyu akiwa na miezi minne. Aliugua siku tatu, ya nne tukamzika. Kwetu, siku ya arobaini, hitima ikishasomwa na watu wakiwa bado hawajanawa mikono, kaka wa marehemu husimama na kusema mbele ya wote: mtoto huyu ni wangu, asiitwe yatima mimi nikiwa hai. Nilisimama nikasema. Tangu siku ile jina la mdogo wangu halikutajwa tena nyumbani kwangu mbele ya mtoto, maana kulitaja ingekuwa kumwambia kwamba hana baba. Mama yake alikuwa bado kijana. Baada ya muda aliolewa Mazinde, tukapatana mtoto abaki kwangu na kwa mke wangu.

Dini yetu inafundisha mtoto aitwe kwa baba aliyemzaa, hata kama amelelewa na mwingine. Hilo nalo nililifundisha. Nikatoka madrasa nikaenda kumwandikisha shule. Mwalimu mkuu akauliza, "Baba wa mtoto ni nani?" Mtoto alikuwa ameshika kanzu yangu. Nikasema, "Ni mimi."

Alipofaulu kwenda sekondari wakataka cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani na hakuwa ameandikishwa popote, kwa hiyo nilitakiwa kwenda Handeni mahakamani kula kiapo. Karatasi ilikuwa imeshapigwa chapa: mimi ndiye baba mzazi wa mtoto huyu. Nikainua mkono, nikaapa, nikatia saini. Mkono haukutetemeka, na mpaka leo hilo ndilo linalonitisha.

Miaka ikapita kwa kheri. Binti alisoma, Alhamdulillah. Alipomaliza kidato cha sita mwalimu wake mmoja alimsaidia kuandikia vyuo vya nje, na chuo kikuu kimoja cha Marekani kikamkubali na kuahidi kumsomesha bure. Nilisujudu sijda ya shukrani pale pale uwanjani, kuku wakinizunguka. Kilichobaki kilikuwa viza. Watu walisema ni fomu tu na maswali machache dirishani ubalozini.

Tulikwenda Korogwe kuijaza fomu hiyo, kwenye stesheneri ya mama mmoja wa Kihindi jirani na stendi, ambaye babu yake aliuza nguo katika duka hilo hilo. Huyo mama anajua kujaza fomu zote za dunia.

"Shikamoo, mama," binti akamwamkia.

"Marahaba. Ndiye wa Marekani huyu? Mzee, utabaki na mbuzi peke yako!"

"Mbuzi hawaombi viza," nikamjibu, na tukacheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho siku hiyo.

Alianza na picha. Mimi nikasema mtandio hauvuliwi. Akasema, "Nani kasema uvuliwe? Mtandio abaki nao. Wanataka uso wote, toka kidevu mpaka paji. Miwani ndiyo itoke." Akampiga picha mbele ya shuka jeupe. Kisha binti akakaa kwenye kompyuta, mimi nikavuta stuli nyuma yake, na mama wa duka akasimama pembeni akitafsiri kwa ajili yangu.

Fomu ile ilikuwa na saa ndani yake. Ukichelewa kidogo inajifunga na inabidi uanze upya. Kwa hiyo tulikwenda mbio, na huenda mbio zile zilikuwa sehemu ya makosa yetu. Jina la baba: binti akaandika jina langu bila kugeuka. Tarehe ya kuzaliwa ya baba: nikasema aandike iliyo kwenye kitambulisho changu, ingawa hata hiyo ilikisiwa. Jina la mama: akaandika la shemeji yangu, kama lilivyo kwenye cheti, na alipoulizwa aliko akasema Mazinde.

Yule mama akatazama skrini, akanigeukia kwa wema kabisa. "Mbona hukuja na mkeo, mzee? Naona cheti kimetolewa Handeni, kumbe yeye yuko Mazinde?"

Nilikuwa naangalia majina mawili yaliyopangwa pamoja, langu juu na la mke wa ndugu yangu chini. Cheti kile nilikitunza sandukuni miaka yote na sikukisoma hata mara moja. Karatasi zangu zilikuwa zinauambia ulimwengu kwamba nimezaa na mke wa mdogo wangu.

Fomu iliendelea. Je, una kabila? Mzigua. Je, umewahi kufundishwa kutumia silaha? Je, unakusudia kufanya ugaidi? Je, umewahi kushiriki katika mauaji ya watu wengi? Kila swali nilisema astaghfirullah kimoyomoyo na binti akabonyeza hapana, hapana, hapana. Ukurasa wa mwisho ulimtaka athibitishe kwamba yote aliyoyajaza ni kweli, na ukamwonya kwamba uongo waweza kumfungia mlango wa nchi hiyo moja kwa moja.

Kidole chake kikasimama. Nikakiona. Nami, mwalimu wa kiapo, nikasema, "Bonyeza, mwanangu, umeme usije ukakatika."

Akabonyeza.

Wiki iliyofuata sikulala vizuri. Nilikuwa nikisimamisha sala nasahau rakaa. Siku ya usaili ilikuwa imepangwa, na kila nilipoihesabu niliona kama natembea kuelekea mahali ambapo mtu ananingoja na karatasi mkononi. Hatimaye nilipanda gari kwenda Mazinde kuonana na shemeji yangu. Nilimkuta anapepeta mahindi nyuma ya nyumba, upande unaotazamana na mashamba ya mkonge. Nilimweleza yote, macho chini, kwa haya niliyokuwa nayo.

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Shemeji, mimi niliyaona zamani hayo. Siku mtoto aliponionyesha cheti nikakuta jina lako juu ya langu. Nikasema, huyu mzee kaniozesha kwake bila mahari!"

"Usifanye mzaha, mama."

"Nisipofanya mzaha nifanye nini? Mume wangu hajui kusoma, ndiyo salama yangu." Akauweka ungo chini. Sauti yake ikabadilika. "Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unamlea. Lakini hao wa ubalozi hukuwalelea mtoto, shemeji. Hao hawatanyamaza."

Niliporudi Kwamsisi nilimwita binti ndani, nikafunga mlango. Nilijiandaa kwa maneno mengi. Nilianza na sifa za Mwenyezi Mungu, nikaja kwenye habari ya marehemu mdogo wangu, na kabla sijafika popote akasema, "Baba, najua."

"Unajua nini?"

"Tangu darasa la tano. Tulikuwa kisimani, tukagombania ndoo na mtoto mmoja wa jirani. Akaniambia, 'Nenda huko, baba yako ameliwa na mchwa.' Wenzake wakamziba mdomo. Nikajua."

"Na hukuniuliza?"

"Wewe ulisema nisiitwe yatima. Ningekuuliza ningekuwa nimejiita mwenyewe."

Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimfichia yeye.

Tulirudi Korogwe kumuuliza mama wa duka kama jina linaweza kurekebishwa. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa duka nusu, akateremsha sauti. "Fomu nitaijaza upya hata sasa hivi. Lakini cheti cha kuzaliwa? Pasipoti? Vyeti vya shule? Barua ya chuo? Vyote vina jina lako katikati, mzee. Sasa hivi karatasi zenu zote zinapatana. Mkiingiza ukweli humo zitaanza kugombana, na mtu wa dirishani akiona karatasi zinagombana anaona mwizi. Acheni kama ilivyo."

Alikuwa anatutakia mema. Na mimi nilitaka binti aende. Nikasema tuache. Binti hakusema ndiyo wala hapana.

Tulisafiri hadi Dar es Salaam siku moja kabla ya usaili, tukalala kwa jamaa. Asubuhi nilimsindikiza hadi kwenye foleni ya ubalozi. Simu haziruhusiwi kuingia, kwa hiyo alinipa yake, nikabaki upande wa pili wa barabara nimeshika simu mbili na tasbihi moja. Walinzi waliniomba nisogee, nikasogea. Watu walitoka mmoja mmoja, nami nikajifunza kusoma mikono yao: aliyekubaliwa alitoka mikono mitupu, pasipoti yake imebaki ndani, na aliyekataliwa alitoka nayo mkononi.

Binti yangu alitoka na pasipoti na karatasi.

Hakulia. Alinisimulia tukiwa tumekaa kwenye ukuta mfupi. Ndani kulikuwa na utulivu kama wa hospitali. Dirishani alikuwapo afisa mwanamke, mpole, akamwambia aweke vidole kwenye kioo kidogo cha alama, ainue mkono wa kulia, na aape kwamba yote aliyoyaandika na atakayoyasema ni kweli.

"Nikainua mkono, baba. Ukawa mzito. Nikakuona wewe umekaa kwenye mkeka."

Akamwambia yule afisa, "Kuna jambo moja kwenye fomu si sahihi." Akaeleza: aliyeandikwa kuwa baba ni kaka wa baba, baba mwenyewe amefariki, na kwao ndivyo mtoto anavyolelewa. Afisa akauliza nani aliapa kwa ajili ya cheti. Akajibu, "Baba mkubwa wangu."

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake juu yangu.

Afisa hakukasirika. Aliandika kwa muda, akamrudishia pasipoti pamoja na karatasi iliyotaka vitu vitatu: uthibitisho wa kifo cha baba mzazi, maelezo ya mama, na kiapo kipya cha mimi niliyeapa mwanzo. Vikiisha kupelekwa pamoja na pasipoti, shauri lake litatazamwa tena. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Nilitaka kumlaumu. Nasema hivi ili nisijifanye mtu mwema kuliko nilivyo. Nilitaka kumwambia kwamba dakika moja ya kunyamaza ingemfikisha Marekani. Lakini ningemlaumu kwa nini, kwa kusikiliza darasani?

Mtendaji wa kijiji aliandika barua ya kifo, kwa kuwa siku ile tulizika bila kupita ofisi yoyote. Mzee aliyeosha maiti pamoja nami alikuwa bado hai, akaweka dole gumba. Shemeji alikuja Handeni na maelezo yake, amevaa kanga mpya kana kwamba anakwenda harusini. Nikaingia mahakamani peke yangu.

Hakimu alikuwa mtu wa umri wa kuweza kuwa mwanangu. Alisoma karatasi mpya, akamtuma karani alete faili la zamani. Karani alichelewa. Niliomba asilipate, kisha nikaomba msamaha kwa dua hiyo. Akalipata.

"Mzee, hapa kuna viapo viwili," hakimu alisema. "Saini moja, mtu mmoja. Kimoja ni cha uongo."

"Ndiyo, mheshimiwa. Cha kwanza."

"Unajua unachokikiri?"

"Najua."

"Unajua naweza kumwita askari hapo nje?"

"Najua."

"Na mtu aliyeapa uongo mara moja, mimi nimwamini vipi mara ya pili?"

Nilifundisha somo lile miaka yote na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia tu yalivyokuwa, tangu arobaini mpaka mkono wa mtoto kwenye kanzu yangu. Aliniuliza marehemu amezikwa wapi, nikamwambia. Aliniambia nitoke nisubiri. Nikakaa kwenye benchi na watu wa kesi za mipaka ya mashamba, adhuhuri ikapita, nikasali kwenye kivuli cha ukuta.

Aliponiita tena kiapo kilikuwa kimeshagongwa mhuri. Alinikabidhi bila kunitazama. "Chukua. Faili lako linabaki hapa, mzee."

Hakusema nimesamehewa, wala hakusema nitaitwa. Tangu siku hiyo pikipiki yoyote ikisimama mbele ya nyumba yangu, naacha ninachofanya na kusikiliza nani anashuka.

Karatasi zikapelekwa na pasipoti. Kisha tukangoja. Palikuwa na mahali kwenye mtandao pa kuingiza namba na kuona hali ya ombi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri binti aliingiza namba kwenye simu yake, na kila siku neno lilikuwa moja: limekataliwa. Mama wa duka alitueleza kwamba huandikwa hivyo hata kama ombi bado linachunguzwa, tusivunjike moyo. Lakini neno ni neno. Kulisoma kila alfajiri ni kama kuamkiwa kwa laana. Wenzake wa chuo huko walianza masomo. Chuo kikamwandikia kwamba nafasi yake itamngoja hadi muhula wa pili, na baada ya hapo atapewa mwingine. Alirudi shambani, akapalilia mihogo, akafundisha watoto wadogo madrasa pamoja nami. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Muhula wa pili ulipokaribia, asubuhi moja lile neno halikuwepo. Ulikuja ujumbe mfupi kwamba pasipoti iko tayari kuchukuliwa. Haukusema ndani yake kuna nini.

Alikwenda Dar es Salaam peke yake, nami nikaenda kumngojea stendi ya Korogwe. Nilimpigia alipokuwa amekwisha kuichukua.

"Imesemaje?"

"Sijaifungua, baba. Bahasha imegundishwa. Nitaifungua mbele yako."

"Wewe mtoto, unataka kuniua na presha?"

"Si ulitufundisha subira?"

Basi lake lilifika baada ya alasiri. Tuliketi kwenye benchi la mama muuza machungwa, pembeni ya stesheneri. Nikasema bismillahi, na yeye akachana bahasha. Alipekua kurasa tupu, moja, nyingine, nyingine. Kisha ukurasa mmoja ukawa mzito, una karatasi iliyobandikwa juu yake, na picha yake yenye mtandio ikitutazama.

Viza ilikuwamo.

Mama wa stesheneri alipiga kelele mpaka abiria wakageuka. Mimi nilisema Alhamdulillah mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Halafu nikavaa miwani yangu nikasoma. Jina lake lilikuwa pale, na katikati yake jina langu, kama lilivyokuwa kwenye pasipoti tangu mwanzo. Ukweli tulikwisha kuusema, wakaupokea, lakini jina haliondoki kirahisi hivyo. Jina langu linakwenda Marekani, mahali ambapo mimi sitafika. La mdogo wangu, aliyemzaa, halikuwa kwenye mstari wowote.

Kabla ya safari tulisoma dua nyumbani. Watu walijaa hadi nje, shemeji akaja kutoka Mazinde na mumewe. Imamu wetu, anayejua mambo yetu yote, alifikia pale anapotajwa msafiri. Akasita, akanigeukia.

"Tumwombee binti wa nani?"

Nilisimama kama nilivyosimama siku ile ya arobaini. Binti alikuwa ameketi upande wa wanawake, ananitazama. Nikalitaja jina la mdogo wangu kwa sauti, jina lake kamili na la baba yetu. Hakuna aliyeitikia. Nilisikia mtu akilia, nikajua ni shemeji.

Na nje, katika kimya kile, pikipiki ikasimama.

Nikageuza shingo kuelekea mlangoni. Alikuwa jamaa tu, amechelewa dua. Alivua viatu, akaomba radhi, akakaa. Imamu akaendelea, nami nikainua mikono pamoja na wengine. Nilikuwa na mengi ya kuomba, ya mtoto anayekwenda mbali, ya faili lililobaki Handeni, na ya ndugu yangu, ambaye siku tutakapokutana mbele ya Mola wetu ataniuliza nilimpeleka wapi yeye na jina lake. Nilianza na la mtoto. Nilipofikia la tatu watu walikuwa wameshasema amina.